Bi Sabra Ameingia Shimoni

Kama kuna mtu pale mtaa wa Nanjiva asiyemjua Bi Sabra, basi mtu huyo amehamia leo asubuhi, na kufikia jioni atakuwa ameshataniwa. Ndivyo alivyo huyo mama, hana dogo wala kubwa. Ni Myao wa Masasi aliyeletwa Mtwara na ndoa. Mume alifariki, yeye akabaki na nyumba ya vyumba vitatu, ua, na ulimi.

Kazi yake ni korosho. Uani kwake kuna debe lililotobolewa matundu, limekaa juu ya mafiga. Anamwaga humo korosho na maganda yake, anakoleza kuni mpaka mafuta ya ganda yenyewe yanashika moto na kuanza kurukaruka, kisha anazimwaga mchangani na kuzibangua moja moja kwa rungu dogo. Moshi wake unawasha macho mpaka nyumba ya tatu, na majirani wanalalamika, lakini wanalalamika huku wanatafuna. Kwa moshi huo amesomesha watoto wake wawili mpaka wakajitegemea, na kwa moshi huo anakula hadi leo. Debe likizimwa, Bi Sabra hana kingine. Umri wa kwenda kulima mihogo umeshampita.

Sasa, kampuni moja ikaja na habari ya kituo cha gesi. Gesi inatoka huko Msimbati kwenye bomba kubwa kwa nguvu za kutisha, na kabla haijaingia viwandani na majumbani lazima ipite mahali ipunguzwe presha. Mahali penyewe, eti, ni kile kiwanja kitupu ambapo watoto wa Nanjiva wanacheza mpira, kilichopakana na ukuta wa Bi Sabra. Na kituo kama hicho kikishasimama, hakuna kuwasha moto wa wazi karibu yake. Si kuni, si mkaa, si debe la korosho.

Watu wa Nanjiva hawakukataa gesi, tuelewane hapo. Nani akatae gesi nayo inatoka kwao? Walichosema ni kwamba ng'ambo ya barabara kuna pori la mikorosho iliyozeeka, mali ya halmashauri, hakai mtu. Kijengwe kule. Mbona nafasi ipo tele? Mwenyekiti wa mtaa, Rajabu Likumbo, mtu mpole mwenye kikohozi kisichoisha, aliandika hivyo mara kadhaa, akajibiwa kwamba wataalamu watakuja kuwasikiliza wananchi.

Wakaja. Mkutano ulifanyika hapo hapo kiwanjani, viti vya kukodi, turubai la msibani. Wakazi walikuwa wamepanga mambo yao vizuri. Kila mmoja ataeleza hofu yake kwa adabu, na wa mwisho atakuwa Bi Sabra, kwa kuwa yeye ndiye wa ukuta kwa ukuta. Rafiki yake Ermelinda, muuza samaki wakavu wa nyumba ya nyuma, alimkalisha uani asubuhi nzima akimfundisha.

"Shoga, leo hakuna mchezo," Ermelinda alimwambia. "Sema, sitaki, moto wangu ndiyo riziki yangu. Basi. Usiongeze chumvi."

"Nitaongeza nini? Mimi mtoto?"

"Nakujua."

Mgeni mkuu alikuwa mhandisi kutoka Dar es Salaam, mama mwembamba mwenye sauti ya taratibu. Lakini aliyesimama kutambulisha wenzake alikuwa kijana mmoja mrefu mwenye kisibau cha kung'aa. "Naitwa Anold Ngonyani," akasema, "mimi ni afisa mahusiano wa kampuni, na kwetu ni Songea."

Songea! Bi Sabra akanyoosha shingo.

"Mwenyekiti!" akapaza sauti. "Mbona hukutuambia unatuletea mateka wetu? Mngoni huyu alitoroka juzi tu, kamba yake ninayo nyumbani!"

Kiwanja kizima kikaangua kicheko. Anold akashika kiuno. "Nani huyo? Myao? Ndiyo maana tangu njia panda nasikia harufu ya panya wa kuchoma! Mama, kaa chini, babu yangu hajakuruhusu kusimama."

Kwa asiyejua, nieleze kidogo. Wayao na Wangoni walipigana enzi za mababu mpaka wakachoka, na walipochoka wakaamua kutaniana. Toka hapo wakikutana popote, hata kama hawajaonana maishani, kila mmoja ana ruhusa ya kumwita mwenzake mtumwa, kumvua kofia, kula chakula chake, na mwenzake hana ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeharibu. Na yanayosemwa humo ndani hayashikwi na mtu. Hakuna Myao aliyewahi kudaiwa ng'ombe kwa sababu alimwahidi mtani wake ng'ombe.

Basi mkutano ukaendelea, mambo ya maana yakasemwa. Mzee wa madrasa alisema juu ya watoto. Ermelinda alisimama akasema Kiswahili chake cha Kimakonde cha ng'ambo ya Ruvuma, kifupi. "Mimi nyumba moja nimeiacha kule kwetu inawaka moto. Nikavuka mto na mwanangu mgongoni. Hii nyumba ya sasa siiachi." Hata mhandisi akaacha kuandika.

Kisha mhandisi akasema kwamba amesikia yote, ila kwa utaratibu wao neno la jirani wa karibu kabisa lina uzito wa pekee. Je, ni nani?

Anold akageuka, uso wote meno. "Ni mateka wangu huyo huyo! Haya, mateka, bwana wako anataka kujenga uani kwako. Unasemaje?"

Hapo ndipo palipoharibika. Bi Sabra alikuwa na maneno yake kichwani, yamepangika, sitaki, moto wangu ndiyo riziki yangu. Lakini swali lilimjia kutoka kwa Mngoni, mbele ya umati, na huyu mama tangu azaliwe hajawahi kumwachia Mngoni neno la mwisho. Ulimi ukamtangulia.

"Jengeni!" akasema, mikono juu. "Mnachelewa nini? Jengeni hata leo! Mkikosa nafasi, bomba lipitisheni chumbani kwangu, chini ya kitanda. Nami nitawashikia koleo. Likilipuka tulipuke wote, Myao na Mngoni, tukamalizie ubishi wetu ahera, maana duniani mmeshatushindwa!"

Jamani, watu walicheka! Mzee wa madrasa alifuta machozi. Mwenyekiti Rajabu alikohoa mpaka akapewa maji. Hata Ermelinda, aliyekuwa ameshika kichwa, mabega yalimtikisika. Na mhandisi naye akacheka, akapiga makofi, akasema, "Nakushukuru sana, mama. Tungekuwa na majirani kama wewe kila mahali, kazi yetu ingekuwa nyepesi." Akaandika.

Bi Sabra alimwona Anold akimtazama mhandisi akiandika. Alimwona akifungua mdomo, halafu akiufunga. Hakutilia maanani. Hakuna mtu pale Nanjiva aliyetilia maanani, na usiwacheke, wewe ungeweza kufikiria nini? Mtu mzima unasimamaje mbele za watu kueleza kwamba mzaha ni mzaha? Soda zikagawiwa, watu wakatawanyika, na Bi Sabra akarudi kwenye debe lake akijisifu kwamba leo amemkomesha yule Mngoni.

Wiki haikupita, vijana wakaja na vyombo vya kupima ardhi, wakagongomea vigingi mpaka usawa wa dirisha lake la jikoni. Mwenyekiti Rajabu akaja mbio, jasho linamtoka, akasimama mlangoni.

"Bi Sabra, tumekwisha," akasema. "Wamejibu. Wanasema malalamiko ya mtaa wameyasikia, lakini jirani wa karibu kabisa ameridhia mwenyewe, hadharani, kwa furaha."

"Jirani gani?"

Mwenyekiti akamtazama tu.

"Mimi?" Bi Sabra akacheka, kicheko kikakatika katikati. "Lakini si nilikuwa namtania Mngoni! Rajabu! Si ulikuwepo? Si ulicheka mpaka ukataka kufa?"

"Nilicheka. Wale wa Dar hawakujua tunacheka nini."

"Na yule Anold? Yeye si anajua!"

Mwenyekiti akakohoa, akasema ameshampigia, na Anold amemwambia kilichosemwa kimesemwa.

Toka siku hiyo raha ilimtoka Bi Sabra. Alikuwa akikaa, anasimama. Akianza kupepeta, anaacha ungo anakwenda dirishani kuangalia vigingi. Debe zima la korosho liliungua likawa makaa kwa sababu alisimama getini akiongea peke yake, jambo ambalo halikuwahi kumtokea hata mwaka aliofiwa na mume. Usiku, akisikia lori barabarani, anaketi kitandani. Alijiona mjinga, na aliona aibu, aibu ile inayofanya mtu apite nyuma ya nyumba za watu asionekane.

Na Ermelinda akaacha kusema naye. Alimwambia mara moja tu, akiwa ameshika sinia lake la samaki. "Wote tulisema vizuri. Wote. Wewe ukauza mtaa kwa kuchekesha watu." Akaenda zake. Maneno hayo yalimuuma kuliko vigingi.

Akajaribu kurekebisha. Alikwenda ofisi ya kata, akasema mimi nimekataa, sikukubali, nilikuwa natania. Karani akamwangalia, akamtambua, akaanza kutabasamu. "Bi Sabra bwana! Leo umetuletea ipi?" Alikwenda kwa diwani, akamkuta anakula. Diwani akamkaribisha chakula, akamsikiliza nusu, akacheka akapaliwa. Ndiyo malipo ya kuchekesha watu miaka yote. Siku unalia, wanangoja mwisho wa kichekesho.

Ikabaki kwenda kwa Anold mwenyewe. Akavaa baibui lake la Idi, akafunga korosho kidogo kwenye kifuko, maana hakuzoea kwenda kwa mtu mikono mitupu, akapanda bodaboda hadi mjini, kwenye ofisi za kampuni. Njiani alikuwa akirudia, Anold, leo sitanii. Anold, leo sitanii.

Alipofungua tu mlango, Anold akaruka kutoka kwenye kiti. "Jamani njooni muone! Mateka wangu amechoka kukimbia, amejileta mwenyewe!"

Wafanyakazi wakainua vichwa kwenye kompyuta zao.

"Anold," Bi Sabra akasema, "leo sitanii."

"Myao asiyetania huyo anaumwa! Mpeni panadol!"

"Mwanangu, nisikilize. Ile siku ya mkutano unajua kabisa..."

"Mwanao? Mimi bwana wako nimekuwa mwanao lini? Na hiki nini?" Akamnyang'anya kifuko, akakipasua kwa meno, akaanza kugawa korosho kwa wenzake. "Kodi! Wayao wameleta kodi! Kuleni, kuleni, hii ni haki yetu."

Ofisi nzima ikacheka. Bi Sabra akasimama pale katikati, mikono imening'inia. Alijua anachofanya huyu kijana. Kila alipoleta neno la kweli, yeye alilipiga kofi la utani, na kwa utani Bi Sabra hakuwa na ruhusa ya kukasirika. Alimtazama machoni, akaona macho yenyewe hayacheki. Macho yalikuwa yanamwomba aondoke.

Na unajua kilichomuuma zaidi? Naye Bi Sabra alicheka. Mdomo wake ulizoea. Mngoni akisema, Myao anajibu, akasema kitu juu ya meno ya Anold kufanana na jembe la babu yake, watu wakapiga meza, naye akatoka nje akiwa ameagwa kwa vifijo. Alilia juu ya bodaboda kuanzia mjini mpaka Nanjiva, na dereva akadhani ametoka kuangalia mgonjwa.

Mashine ya kuchimba ikaja Jumatatu. Wakazi wakajipanga pembeni ya kiwanja na mabango yao ya maboksi. TUNATAKA GESI, HATUTAKI KITUO MLANGONI. Polisi waliegesha gari lao kwa mbali, wakakaa kivulini. Mashine haisomi mabango. Ilichimba toka asubuhi, na kufikia alasiri palikuwa na shimo la msingi, pana, kuta zake zimenyooka, udongo mwekundu umerundikwa kandoni. Kesho yake, ikasemekana, mhandisi na wakubwa wengine watakuja kushuhudia zege la kwanza likimwagwa.

Bi Sabra aliangalia shimo lile kutoka uani kwake akiwa na pepeo la moto mkononi. Aliliangalia muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti, ingawa alikuwa peke yake, "Ala! Kumbe."

Alimkumbuka baba yake mzazi, siku walipomzika Masasi. Maiti imeshafikishwa makaburini, sheikh ameshajiandaa, mara Mngoni mmoja, mwalimu wa shule ya jirani, akaruka ndani ya kaburi, akajilaza chali. Eti kaburi hili zuri mno kwa Myao, nalichukua mimi. Akagoma kutoka mpaka apewe koti la marehemu. Sheikh alifoka, akasema haya mambo dini hayayatambui, na kweli masheikh wengi siku hizi wanayakataza. Lakini hakuna aliyethubutu kumgusa yule mwalimu. Mtani akiingia kaburini haburuzwi. Anabembelezwa. Koti lilitolewa, akatoka akiwa amelivaa, akalia kuliko watoto wa marehemu.

Asubuhi, walinzi wakiwa wanakunywa chai, Bi Sabra akakunja mkeka wake, akatia korosho kwenye kibindo cha kanga, akateremka shimoni upande ule ulioachiwa mteremko. Akatandika. Akalala chali, akaanza kutafuna.

Magari yalipofika, lori la zege nyuma yake likizungusha tumbo lake kubwa, dereva ndiye aliyemwona wa kwanza. Akapiga honi. Bi Sabra akainua mkono kumsalimia.

"Kuna mtu humo!" mhandisi akasema. "Ni nani yule? Mlinzi!"

Walinzi wawili wakakimbilia mteremko. Polisi wakatoka kivulini. Wakazi nao wakasogea na mabango yao, na mwenyekiti Rajabu akawa anasema taratibu jamani, taratibu, mpaka kikohozi kikamziba. Kidogo tu pangechafuka.

Anold akawatangulia wote, mikono imetandazwa. "Msimguse! Mwacheni!" Akamgeukia mhandisi, akicheka kwa haraka haraka. "Injinia, usiwe na wasiwasi kabisa. Huyu ni mtani wangu. Ni mila zetu sisi, watani wanaingia shimoni hivi hivi. Hana nia mbaya. Ni utani tu."

Kutoka chini sauti ikapanda. "Rudia, Anold. Wa nyuma hawajasikia."

"Nasema ni utani tu, mateka wangu."

"Mimi nasema sitoki humu mpaka kiama. Zege limwageni juu yangu. Hawa wakubwa zako waniamini au wasiniamini?"

"Wasikuamini!" Anold akawageukia wageni, jasho linamtiririka. "Anatania. Hamna haja ya polisi."

"Sawa." Bi Sabra akaketi. Vumbi jekundu lilimjaa mgongoni. Hakuwa anacheka, na watu wa Nanjiva waliomzoea waliteremsha mabango walipouona ule uso. "Na niliposema jengeni hata chumbani kwangu, uliwaambia wasiniamini?"

Tumbo la lori tu ndilo lililokuwa likizunguka.

Mhandisi alimtazama Bi Sabra, akamtazama Anold. "Anamaanisha nini?"

"Ah, injinia, Wayao hawa wana maneno..." Anold akaanza kucheka. Hakuna aliyemsaidia. Kicheko kikasikika peke yake mpaka akakiacha.

"Nimekuuliza. Siku ya mkutano, huyu mama alikuwa anatania?"

Anold akaangalia lori. Akaangalia shimo. Mkataba wake ulikuwa ukingoni, na kila mtu ofisini alijua kituo kikisimama kwa wakati yeye ataajiriwa moja kwa moja. Alikuwa na mke Songea aliyekuwa akingoja kuhamia.

"Ndiyo," akasema.

"Na wewe ulijua?"

"Kila mtu pale alijua, injinia. Isipokuwa ninyi wageni."

"Sijakuuliza habari za kila mtu."

Anold akajifuta uso kwa mkono wa shati. Aliposema, alisema kwa sauti ya chini, lakini hata aliye mbali alisikia. "Nilijua. Nilijua pale pale ulipokuwa unaandika."

Mhandisi hakufoka. Alisogea mpaka ukingoni, akachuchumaa na buti zake za kazi, akamuuliza Bi Sabra moja kwa moja. "Mama, unataka nini?"

Na Bi Sabra akayasema yale maneno aliyofundishwa uani, kwa mara ya kwanza, bila chumvi. "Sitaki. Moto wangu ndiyo riziki yangu." Akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara. "Kule pori la mikorosho hakai mtu. Mjenge kule."

Mhandisi akainuka, akasogea pembeni na simu. Aliongea muda mrefu, akisikiliza zaidi kuliko kusema. Aliporudi alisema zege halimwagwi leo. Mkutano utarudiwa, na neno la jirani litachukuliwa upya. "Siahidi kitu kingine," akasema. "Msije mkasema niliahidi." Lori likarudi nyuma likipiga kelele zake za tahadhari, na vigelegele vikaanza, na mzee wa madrasa akatupa bango lake juu likamwangukia mwenyewe kichwani.

Anold hakuondoka na wenzake. Alizunguka akaja kwenye ukingo wa shimo, upande alipokuwa Bi Sabra, akainama, akanyoosha mkono. Macho yalikuwa mekundu lakini alijilazimisha kutabasamu, ule uso wa meno.

"Haya, mateka," akasema. "Umenifukuzisha kazi, umefurahi. Toka humo. Babu yangu hajakuruhusu kufa."

Watu wakageuka kusikiliza. Walishaanza kutabasamu kabla hajajibu, maana walijua lazima litatoka jambo. Bi Sabra alikuwa anakunja mkeka. Aliukunja polepole, akaukung'uta vumbi, akautia kwapani.

"Shika mkono," Anold akasema tena, "au unataka nikufukie humo humo?"

Mtu mmoja akacheka kidogo.

Bi Sabra akamtazama. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mkutano ni lini, afisa?" akauliza.

Mkono wa Anold ukabaki pale pale hewani.

"Bi Sabra..."

"Nauliza, afisa. Tafadhali. Nataka nijiandae."

Akampita, akaelekea upande wa pili kwenye mteremko, ambako Ermelinda alikuwa ameshaweka sinia lake chini na kushuka hatua kadhaa kumpokea mkeka. Anold akarudisha mkono. Akasema hajui tarehe, atauliza ofisini.